Arobaini ya Mtu Aliye Hai

Mwanangu Zaituni,

Saa hizi najua uko kwa shangazi yako hapo Chanika, umekalia mkeka na miguu umeinyoosha hina ikauke, kwa hiyo hata ukikasirika na nitakayoyaandika huwezi kuinuka ukakimbia. Ndiyo maana nimechagua saa hii. Atakayekuletea barua ni mama yako. Soma mpaka mwisho kwanza, halafu muulize chochote unachotaka. Yeye amejua tangu juzi, na tangu juzi hajasema na mimi isipokuwa mambo ya mchele na maturubai.

Namna ya kuishi na mume na wakwe sikuandikii. Hayo shangazi zako wanakufunda juma zima na wameshaniambia nisiingilie. Kesho saa nne watu wa Salehe wanafika hapa nyumbani, ndoa inafungwa, wanaondoka na wewe kwenda kwao Muheza, na mimi nina jambo moja tu la kukwambia kabla hawajafika. Nimejaribu kukwambia kwa mdomo mara tatu. Mara zote nilijisikia naanza kuigiza. Nashusha sauti, nanyamaza pale ambapo watazamaji huvuta pumzi, hata machozi nayaita na yanakuja. Miaka sita ya kuzunguka vijijini na igizo imeniharibu mdomo, mama. Mkono wa kulia bado ni wangu, ndio huu unaoandika. Wa kushoto nitakueleza habari zake.

Jambo lenyewe ni hili. Umekua ukisikia kwamba ulikuwa na baba mkubwa aliyekufa kabla hujazaliwa, kwa malaria iliyompanda kichwani. Jina lake hatukulitaja nyumbani. Anaitwa Mhina, ni kaka yangu wa tumbo moja, na hakufa. Yuko hai. Aliyesema amekufa ni mimi, na nilisema nikijua si kweli.

Kaka alinizidi miaka minne. Huo uigizaji unaowafanya watu wanisifu ulikuwa wake. Alikuwa anaweza kutembea mwendo wa mzee yeyote wa kijijini kwetu Mazingara na ukamjua mzee huyo kabla hajatamkwa. Mwaka alioanza kuumwa tulikuwa tunavuna mahindi. Kwanza alinyamaza tu. Kisha akawa anainama sehemu iliyokwisha kuvunwa, anaokota kitu kwa ncha za vidole, anakitia kwenye mfuko wa shati, hapa kifuani. Anapiga hatua mbili, anainama tena. Ukimuuliza anaokota nini, anasema punje. Zimeachwa, anasema, zinalia, na mwenye masikio hawezi kuzipita. Kuna wakati alisimama ameinamisha kichwa upande, anasikiliza ardhi, na sisi wengine wote tukajikuta tumenyamaza tunasikiliza naye. Siku moja aliniita nitazame mfukoni mwake. Nikatazama, hapakuwa na kitu, nikamwambia. Akanitazama kwa huruma, akafunga kifungo cha mfuko, akaendelea na kazi yake.

Waganga aliopelekwa kwao sitawahesabu. Watu walipoanza kuzunguka mbali wasipite kwetu, baba yangu akasema afungwe ghalani. Tulitumia kamba ya katani. Aliyemfunga ni mimi, kwa sababu wengine alipigana nao, kwangu alinyoosha mikono mwenyewe, ameikutanisha vizuri, akasema, "Usikaze sana, Rajabu." Ghalani tulikuwa sisi wawili tu. Sikumwambia mtu neno hilo. Liweke kichwani, nitalirudia baada ya muda mfupi.

Alikaa ghalani miezi mitatu. Asubuhi moja nikampelekea uji, nikakuta mlango umefungwa kama nilivyouacha na ndani hamna mtu. Shati lake lilikuwa kwenye nguzo aliyokuwa anafungwa. Vifungo vyote vimefungwa mpaka cha shingoni, na kamba imezungushiwa mikono ya shati kwa fundo langu lile lile. Alikuwa amelifunga shati badala yake. Mimi nilicheka, mwanangu, sikukufichi. Nilicheka kwa kuwa ni utani wake kabisa, halafu nikakaa chini. Tulimtafuta mwaka mzima tusimpate.

Baada ya hapo nikaenda Korogwe kujifunza ushonaji, na huko akaja msichana wa Kwashemshi na kitambaa cha gauni. Huyo ni mama yako, na kwake sina cha kujutia isipokuwa hiki. Nilipopeleka posa, wajomba zake wakatuma ujumbe: wamesikia kwetu kuna kijana amerukwa na akili, na kabla ya kupokea posa wanataka kujua, kwa sababu kitu hicho hutembea kwenye damu. Juma lile lile nikamwona kaka. Alikuwa amekaa juu ya magunia karibu na stesheni, amekonda, hana viatu. Yeye ndiye aliyeniona kwanza. Akaniita jina langu kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayemwita mdogo wake. Nikapita. Nilipita naye akiwa karibu na mimi kama mlango na dirisha lake, nikaangalia mbele, na nikasikia akiniita mara ya pili.

Nikapanda gari kwenda nyumbani Mazingara, nikawaambia wazazi wangu nimekutana na mtu aliyetoka Morogoro, kwamba Mhina alikuwa huko, akashikwa na malaria ikampanda kichwani, akafa, manispaa ikamzika. Ona nilivyokuwa fundi hata kabla sijajua kushona. Malaria haina ukoo. Malaria ni mbu. Kwa neno moja nilimuua kaka yangu na kuuosha wendawazimu wake pamoja naye. Wajomba wa Kwashemshi walituma rambirambi, na mwezi uliofuata wakapokea posa.

Kwa kuwa hapakuwa na mwili, tukafanya arobaini. Unajua desturi yetu, mtani anakuja msibani, anavaa nguo ya marehemu, anamwigiza alivyokuwa akitembea na kusema, watu wanacheka katikati ya kilio. Mtani wetu alikuwa Bi Mwantumu, bibi mfupi wa makamo, mwenye maneno. Mama akamtolea lile shati la ghalani. Bi Mwantumu akalivaa juu ya kanga zake, akaanza kutembea kama Mhina, watu wakacheka, na mimi nikacheka. Akainama akaokota punje. Watu wakacheka zaidi. Kisha akaja mpaka nilipokaa. Uso wake ulikuwa haucheki tena. Akanyoosha mikono yake miwili, akaikutanisha vizuri, akasema, "Usikaze sana, Rajabu."

Akasimama hivyo kwa muda, ananingoja. Halafu akapepesa macho, akajitazama mikono, akaishusha. Alilivua shati pale pale. Ilikuwa haki yake kuondoka nalo, ndiyo desturi, lakini alinirushia mapajani akasema nikae nalo mwenyewe, lina jasho, na jasho lenyewe ni la leo. Akaondoka bila kula. Nimeishi miaka ishirini na mitatu tangu siku hiyo na sijui alilipata wapi neno lile. Alishafariki, siwezi kumuuliza, na hata alipokuwa hai nilikuwa nikimwona njiani nakata kushoto.

Bibi yako, mama yangu, aliamini. Ndilo linaloniuma kuliko yote. Kila Alhamisi alimsomea Mhina dua, na kila mara akimaliza alikunja uso. Aliwahi kuniambia kwamba dua za marehemu wengine zinakwenda, lakini ya Mhina anaiona nzito, inakaa papo hapo mkekani. Nilikuwa nimekaa naye, natoboa tundu la kifungo. Ningeweza kusema. Nikamwambia ni uchovu, apumzike. Alikufa wewe ukiwa darasa la tatu.

Sasa nije kwenye igizo. Wewe unadhani nilizaliwa mwigizaji, lakini Mwalimu Nuru aliniita nikashone mavazi tu. Kikundi chake kilikuwa cha watu sita, wameombwa na shirika fulani waigize juu ya maradhi ya akili na aibu tunayowatwika wagonjwa. Siku ile nilikuwa kwenye kona na cherehani yangu, na kijana aliyepewa nafasi ya mgonjwa alikuwa anatoa ulimi, anajigaragaza, anapiga kelele, na wenzake wanacheka. Nikapandwa na hasira, sijui ilitoka wapi. Nikawaambia mgonjwa hayuko hivyo. Nikasimama, nikapiga hatua mbili, nikainama, nikaokota. Mwalimu Nuru akaniambia niachane na cherehani.

Siku ya pili nikaja na shati. Nilikuwa nimelificha chini ya vitambaa vya wateja miaka yote hiyo. Mimi ni fundi, najua kitambaa kinavyolegea kikibeba kitu. Mfuko wa kifuani wa shati lile umevutika kwenda chini, nyuzi za pembeni zimechoka. Mfuko uliokaa mtupu hauwi hivyo. Niliutia kidole nikakitoa haraka, na nikalivaa hivyo hivyo, kwa sababu watu walikuwa wananisubiri.

Nimelivaa vijiji vingi. Tukifika pale mdogo mtu anapomfunga mkubwa, nami nikanyoosha mikono nikasema lile neno, watu hulia. Mwalimu Nuru anadhani nililibuni. Mimi nikamwacha adhani hivyo, nikapokea sifa.

Tulipoigiza Mazingara ulikuwepo, mwaka jana wakati wa mavuno, ulikuwa unapiga picha za video kwa simu. Unakumbuka igizo liliposimamishwa, Mwalimu akauliza nani aingie achukue nafasi ya mmoja wetu aonyeshe angefanya nini, akaingia bibi mmoja mzee sana anashikwa mkono. Hakuchukua nafasi ya mtu. Alinipigia magoti mimi, akanishika uso, akasema, "Mhina mwanangu, wamekulisha?" Wewe uliniuliza garini Mhina ni nani, nikakujibu ni jina la igizo. Ukasema jina hilo hamkuwahi kulitumia. Nikakwambia nimechoka. Bibi yule alikuwa jirani yetu, alitugawia maziwa tulipokuwa wadogo. Tafuta hiyo video kwenye simu yako uitazame. Toka mwanzo naokota kwa mkono wa kulia. Bibi anapiga magoti, ananishika uso, anaondolewa, na mimi naendelea kuokota kwa kushoto. Sikujua. Nilijua siku nilipoiona.

Mhina alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Mama alimkataza tangu utotoni, akawa anautumia kwa kificho. Mimi nilikuwa nimesahau, au nilijisahaulisha.

Haya, na miezi mitatu iliyopita washenga wa Salehe walikaa sebuleni kwetu. Wewe ulikuwa jikoni. Mzee wao akamaliza chai, akakohoa kidogo, akauliza kwa adabu kubwa kama katika ukoo wetu kuna kifafa, ukoma, au mtu aliyewahi kupoteza akili. Siku mbili kabla ya hapo mimi huyu huyu nilikuwa uwanjani nimevaa shati la kaka yangu, nawaambia watu wasifiche wagonjwa wao. Nikamjibu kwetu hakuna. Sikukwama hata kidogo. Nikamwongezea na chai.

Nafika Korogwe, mwezi uliopita. Tuliigiza uwanja wa karibu na soko, watu wengi, jua la saa tisa. Mwalimu Nuru akasimamisha igizo pale ndugu wanapokubaliana kuwaambia wageni kwamba mgonjwa amesafiri. Akauliza nani aingie. Akanyoosha mkono mtu mmoja mrefu, ndevu nyeupe, koti la kazi lenye unga mabegani. Akaingia kwenye duara akaja moja kwa moja kwangu. Nilimjua akiwa bado hatua kumi. Akasema, "Nipe shati." Nikalivua nikampa, mbele ya watu, nikabaki na fulana. Akalivaa likamkaa sawasawa.

Mimi nikatoka nikasimama kwenye watazamaji, ndiyo kanuni yetu, aliyepokonywa nafasi anasimama pembeni. Nilidhani ataokota. Hakuokota. Alikwenda akaketi mbele ya yule binti wetu anayeigiza mama, akamuuliza kama bado anamsubiri. Yule binti hajui lolote, kijana wa watu, akajibu kama mwigizaji mzuri anavyojibu: anamsubiri, hajaacha hata siku moja. Kaka akatikisa kichwa taratibu akasema ahsante. Tulisikia mpaka bati la soko linavyolia kwa joto.

Kisha akasimama, akanionyesha kwa kidole, akawaambia watu kwamba yule anayemwigiza ni mdogo wake, na anaigiza vizuri, ila mkono anakosea, yeye Mhina huokota kwa kushoto. Watu wakacheka. Mwalimu Nuru akanigeukia, hacheki, akauliza, "Ni kweli, Rajabu? Huyu ni kaka yako?"

Mwanangu, nilikuwa na pumzi moja tu ya kujibu, na nilikuwa na miaka ishirini na mitatu ya kuiandaa. Nikatandaza mikono nikasema, "Hapa sisi sote ni ndugu."

Walipiga makofi. Walipiga makofi sana. Kaka alinitazama mpaka makofi yakaisha, akalivua shati, akalikunja vizuri kama mama alivyotufundisha, mikono ndani, akaliweka chini miguuni pangu. Akaondoka kupita katikati ya watu nao wakampisha. Niliyasema maneno mazuri kuliko yote ya igizo letu ili nimkane.

Tangu siku ile mkono wangu wa kushoto si wangu. Nikikaa kwenye cherehani, wa kulia unashika gurudumu, wa kushoto unateleza pembeni ya meza unaokota. Wateja wawili wameona, wamechukua vitambaa vyao. Mama yako naye aliona. Juzi alisimama mlangoni mwa kibanda muda mrefu akiniangalia, kisha akaniuliza ninaokota nini, na mimi nikasikia mdomo wangu unasema punje.

Ndipo nikamweleza yote, kuanzia ghalani. Hakulia wala hakufoka. Akaniuliza, "Kwa hiyo ulidhani ningekukataa?" Nikamwambia ndiyo, yeye na wajomba zake. Akasema wajomba labda, lakini yeye hakuulizwa, miaka yote hiyo ameishi na mtu ambaye hakuwahi kumuuliza. Halafu akasema nikamchukue shemeji yake.

Leo alfajiri nimekwenda Korogwe, nikaulizia mashine za unga kwa sababu ya unga ule wa mabegani. Nilimkuta kwenye mashine ya kusaga ya mama mmoja Msambaa, Mama Eliza, Mkristo wa milimani huko. Ni mwaka wa tisa yuko hapo. Mama huyo alimkuta kibarazani kwake, hakumuuliza ukoo, alimuuliza kama anaweza kubeba gunia. Yeye ndiye anayempeleka kliniki kila mwezi kuchomwa sindano. Kaka ananena sawasawa, anahesabu madebe ya watu, wanamwamini. Amepona kadiri mtu anavyoweza kupona, na mimi, mwenye kibanda cha kushona hapa Handeni, mwendo mfupi tu wa gari, nilikuwa namwombea rehema za marehemu.

Nilikuwa nimeandaa maneno. Hakuniachia nafasi. Akaniuliza mama yuko wapi. Nikamwambia amefariki. Akauliza kama alikufa akijua yeye yuko wapi. Nikamwambia alikufa akijua kwamba mwanawe ametangulia. Alikaa juu ya gunia muda mrefu, anafuta unga kwenye magoti. Halafu akasema, "Basi ameshanitafuta huko, na hajanikuta."

Neno hilo nimeligeuza njia nzima.

Nilimwambia kesho unaolewa. Akaoga, Mama Eliza akampatia kanzu, tukaja. Tumefika saa saba. Mlangoni akasimama akaniuliza kama bwana harusi na watu wake wanajua kwamba yeye yupo. Nikasema bado. Akasema basi yeye bado amekufa, na maiti haiingii nyumba ya harusi. Hakusema kwa hasira wala kwa mzaha. Akaenda akaketi kwenye benchi la nje, chini ya dirisha. Mama yako akatoka akamwamkia, shikamoo shemeji, akaitikia marahaba, akaletewa chai, hajaigusa.

Nilitaka kumpigia simu baba yake Salehe papo hapo. Nilishaibonyeza namba. Mama yako akaninyang'anya simu, akasema, "Mara ya kwanza uliamua peke yako kwa niaba ya kila mtu. Harusi hii ni ya Zaituni." Kwa hiyo sijapiga. Simu iko kwa mama yako, anayo hapo alipo. Ukitaka nipige, nitapiga, nitataja jina lake na nitasema niliwadanganya washenga. Ukitaka kumwambia Salehe wewe mwenyewe kwanza, ni haki yako. Huenda wakaja, huenda wasije. Sitakudanganya kwamba watakuja. Ukiniona mbaya, nitakubali, maana nimekuletea habari hii hina ikiwa miguuni.

Utajiuliza kama kitu hicho kimo kwenye damu yako. Sijui. Mhudumu wa afya tunayezunguka naye husema huweza kupita katika ukoo na huweza kisipite, na kikija kinatibika, na mapema ni bora. Nimemsikia akisema hivyo mara mia, na nilikuwa nageuka kukunja shati. Ninachoogopa mimi si hicho. Ninaogopa siku ambayo mtoto wako, au wewe, au mimi na mkono huu, tutahitaji mtu wa kutuita jina mbele za watu, na tukute wote wamejifunza kwangu namna ya kupita.

Ukisema wasiambiwe, nitaelewa na sitakuwa na kinyongo. Babu yako mdogo anaweza kukuozesha kwa uwakala wangu, sheria inaruhusu. Ila mimi sitakuwa ndani. Nimekaa benchini karibu na kaka yangu, barua yote hii nimeiandikia hapa, na sitaingia mlango huu nikimwacha nje. Hilo tu ndilo nililoamua mwenyewe, maana linanihusu mimi.

Sasa hivi ameniuliza naandika nini kirefu hivi. Nikamwambia namwandikia binti yangu. Akauliza kama binti anajua kwamba ana baba mkubwa. Nikamwambia akimaliza kusoma atajua. Akasema basi usome taratibu, yeye amekaa miaka mingi, haraka hana.

Mimi ninayo, mwanangu. Njoo.

Baba yako,
Rajabu